Limetulia Wapi? Kuhakiki Shairi la Mwanafunzi Mwenzako

Mwanafunzi anamaliza kusoma shairi lake pale chuoni, kwenye kimbweta cha kusomea, anakunja karatasi, anasubiri. Wenzake wanasema, "Kali hiyo." "Limetulia." "Umetisha, malenga." Halafu kimya kidogo, na mazungumzo yanahamia kwenye foleni ya Ubungo. Mtunzi anaondoka amefurahi, lakini akifungua daftari usiku hana pa kuanzia. Hajui ni mshororo upi uliotisha, wala ni upi uliowafanya wawili kati yao waanze kuchungulia simu.

"Limetulia" si neno baya. Linadai swali moja tu la kulifuata: limetulia wapi? Anayeweza kuweka kidole juu ya neno fulani na kueleza kilichompata alipofika hapo, huyo ameshaanza kuhakiki. Mengine yote ni kunoa.

Wengi hufika chuoni na uhakiki wa kidato cha nne. Fani huku, maudhui kule. Muundo, mtindo, matumizi ya lugha, kisha dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Mfumo ule unamfundisha msomaji majina ya vitu, na majina ni muhimu. Lakini umetengenezwa kwa ajili ya msahihishaji wa mtihani na kwa diwani ambayo imeshachapwa. "Mshairi ametumia tashihisi katika ubeti wa pili" ni sentensi inayopata alama. Mtunzi aliyeketi mbele yako anajua kwamba ametumia tashihisi, ndiye aliyeiweka. Anachotaka kujua ni kama imefanya kazi, na kama haikufanya, ilikwama wapi. Shairi lake bado ni bichi, linaweza kugeuzwa, kwa hiyo kila unalosema lipime hivi: je, akishika kalamu leo usiku, kuna kitu anaweza kukifanya kwa sababu ya maneno yangu?

Kabla ya kalamu kuna masikio. Ushairi wa Kiswahili ulighaniwa tangu zamani, na hadi leo makosa mengi husikika kabla hayajaonekana. Shairi lisomwe kwa sauti mara mbili, na mara ya kwanza asilisome mtunzi. Yeye anajua mapigo aliyoyakusudia: akifika penye silabi ya ziada huimeza bila kujijua, akifika penye upungufu huvuta irabu. Mtasikia shairi lililoko kichwani mwake, si lile lililoko kwenye karatasi. Mpeni mwingine ambaye hajaliona. Kila anapojikwaa, wasikilizaji waweke nukta pembeni mwa mshororo, wasiseme kitu. Kisha asome mtunzi. Penye nukta ambapo mtunzi amepita bila shida, hapo pana kazi ya kufanya. Na kama kuna mmoja wenu mwenye sauti, aughani hata ubeti mmoja kwa mahadhi yoyote anayoyajua. Wimbo haufichi mzani uliozidi, yaani silabi ya ziada.

Kila mtu awe na kopi yake. Steshenari za karibu na geti la chuo zinatosha kwa kazi hii: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pembeni paachwe papana kwa ajili ya kalamu. Kusomea kwenye simu kunaharibu zaidi ya watu wanavyodhani. Mshororo wa mizani 16 mara nyingi haukai kwenye upana wa kioo, unakatika na kushuka chini, na likiwa ni shairi huru, lisilofuata vina na mizani, huwezi tena kujua mkato upi ni wa mtunzi na upi ni wa simu.

Watu wanne au watano wanatosha. Shairi la beti tano lipewe dakika 20: tano za kulisoma mara mbili, mbili za kimya, kumi za maoni, tatu za mtunzi kuuliza. Mtunzi asijitetee katika zile kumi. Akieleza alichokusudia, wote mtaanza kuhakiki maelezo yake na kuliacha shairi.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Ubeti huu umetungwa kwa ajili ya makala hii, na umebeba makosa yanayojirudia sana kwa wanaoanza. Unazungumzia mafuriko ya Mto Msimbazi pale Jangwani, jambo ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua vizuri mvua za masika zinapokuwa nyingi. Ni tarbia: mishororo minne, vipande viwili kila mshororo, mizani 8 kwa 8, kina cha kati -ka, kina cha mwisho -ni. Chukulia kwamba mshororo wa nne ndio kibwagizo, unarudi kila ubeti.

Mto umekwishafika, maji yapo mlangoni,
Vyombo vyote vyasombeka, vyaelekea baharini,
Mama godoro ashika, analiweka kichwani,
Ewe Mola wa baraka, tuokoe duniani.

Anza kwa kumwambia mtunzi umesikia nini, kwa maneno yako na kwa sentensi moja: maji yameingia nyumbani usiku au mchana, haijulikani, vyombo vinachukuliwa, mama anaokoa godoro, msemaji anaomba. Hapo hujasifu wala hujakosoa, lakini umeshampa kitu. Kama yeye alikusudia usiku wa manane na hakuna hata mmoja kati yenu aliyeuona usiku, amejua sasa hivi.

Kisha onyesha penye nguvu, kwa kunukuu. Hapa nguvu iko mshororo wa tatu. Mama ana mikono miwili na nyumba nzima ya kuokoa, na amechagua godoro. Hatuambiwi kwamba ni maskini, hatuambiwi ana watoto wanaohitaji pa kulala. Godoro kichwani limeyasema yote. Mwambie hivyo hasa. Watu wengi hudhani sifa ni adabu ya kutangulia kabla ya kukosoa, kama kupuliza kabla ya kuuma. Mimi naiona kama taarifa ya kazi: mtunzi mchanga mara nyingi hajui kipi kati ya alivyoandika ni kizuri, na usipomwonyesha anaweza kukifuta katika kusahihisha.

Baada ya hapo njoo kwenye "vyasombeka". Kitenzi ni kusomba: mto husomba vyombo, vyombo husombwa. Alipoandika "vyasombeka" alikuwa anatafuta -ka, akaipata, lakini kauli ya kutendeka imembadilishia maana. Vyombo vinavyosombeka ni vyombo vinavyoweza kusombwa, au vilivyosombwa pasipo msombaji. Katika shairi ambalo mto ndio adui, adui amefutwa kwenye sentensi kwa ajili ya kina. Kosa hili liko kila mahali, kwa sababu -ka ni kina rahisi: karibu kila kitenzi kinaweza kulazimishwa kiishie -ika au -eka. Ukiona kina cha -ka kwenye shairi la mwanafunzi, kagua vitenzi vyote kimoja kimoja.

"Vyombo vyote" nayo inastahili swali: vipi? Masufuria, ndoo, mabeseni, jiko la mkaa? Mshororo wa tatu unaishi kwa sababu una godoro. Wa pili umekufa kwa sababu una "vyombo vyote".

Mizani. Hesabu kipande cha pili cha mshororo wa pili: vya-e-le-ke-a, tano, ba-ha-ri-ni, nne. Tisa. Ndiyo maana msomaji wa kwanza alijikwaa hapo. Mtunzi akijaribu "vyaenda baharini" atapata saba, na atakasirika. "Vyaelea baharini" ni nane, lakini sasa vyombo vimeshafika baharini na vinaelea, wakati yeye alitaka viwe njiani. "Vinaenda baharini" ni nane na maana imebaki. Hapa ndipo mhakiki hupata kishawishi cha kuandika jibu kwa kalamu nyekundu. Usiandike. Sema "kipande hiki kina tisa, kimezidi mmoja, na nadhani unachotaka kukilinda ni ile safari ya kuelekea baharini." Umempa kosa, mahali pake, na kitu cha kukilinda. Kalamu ni yake. Ukimtungia, shairi litakuwa na sauti mbili, na yeye atakuwa hajajifunza kutafuta.

Kibwagizo kina tatizo la aina nyingine. Mizani imetimia, vina vimetimia, lakini ungeweza kukibandika kwenye shairi la njaa, la ugonjwa au la mtihani, na kingekaa. Tazama pia "duniani": tulikuwa Jangwani, mlangoni kwa mtu, ghafla tumetupwa dunia nzima, na aliyetutupa ni kina cha -ni. Kibwagizo kizuri huzidi uzito kila kinaporudi. Kipimo chake ni rahisi: kisome mwishoni mwa ubeti wa kwanza, kisha kisome mwishoni mwa ubeti wa mwisho. Kama hujasikia tofauti yoyote, hakijafanya kazi.

Na hiyo -ni yenyewe: mlangoni, baharini, kichwani, duniani. Zote ni -ni ya mahali. Sheria haijavunjwa, vina vipo, ila sikio linasikia sarufi ikijirudia badala ya kusikia maneno mawili ya mbali yakikutana. Liseme, lakini liseme mwisho, tena kama jambo la kufikiriwa.

Mpangilio huu una sababu. Maana kwanza, picha ya pili, sauti ya tatu, tahajia mwisho kabisa. Ukianza na mizani ya mshororo wa pili, mtunzi atakaa saa nzima kuurekebisha, kisha kesho agundue kwamba mshororo wenyewe haustahili kuwepo. Na chagua mambo mawili au matatu tu. Ubeti ule una makosa sita ukitaka kuyahesabu; ukiyamwaga yote, atakumbuka la mwisho na kuumia kwa yote.

Kuhusu kuhesabu mizani, kuna mtego unaowaangusha hata walimu. M na N za nazali wakati mwingine ni silabi, wakati mwingine si silabi. "Mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya, mizani mitano. "Njaa mbaya" ni nja-a mba-ya, minne. Ile ya kwanza ni kiambishi cha ngeli, mu- iliyopoteza irabu yake. Ya pili ni n- iliyogeuka m kwa sababu ya b inayofuata. Kwa sababu hiyohiyo mbuni yule ndege ana mizani miwili, na mbuni wa kahawa ana mitatu. Maneno kama "daktari" na "labda" huleta ubishi, kwani wako wanaoipa konsonanti ya katikati mzani wake na wako wasioipa. Hapo angalia tu kama mtunzi amefuata njia moja shairi zima. Hesabu kwa vidole, kwa kutamka, mara mbili, kabla hujamwambia mtu amezidisha. Mhakiki akisahihisha kisicho na kosa, hata la kweli atakalolisema baadaye halitasikilizwa.

Vina navyo vina mtego wake wa matamshi. Kwa masikio mengi ya hapa mjini -dhi na -zi zinalingana, -tha na -sa zinalingana, na kwa ambaye lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, "mara" na "lala" zinaweza kuonekana zimetoshana. Kwenye karatasi hazitoshani. Jambo hili lisisemwe mbele ya watu kwa kucheka lafudhi ya mtu. Andika pembeni "angalia kamusi: -ra au -la?" na uendelee.

Kuhusu uhuru wa mshairi, inkisari, yaani kufupisha neno, na mazida, yaani kulirefusha, ni mali halali. "Uliyonipa" ina mizani mitano, "ulonipa" minne, na hakuna atakayeuliza maana yake. "Enda" ikiwa "enenda" imeongeza mmoja, na bado inaeleweka. Tatizo huanza pale msomaji anapolazimika kusimama kulitambua neno, au pale ubeti mmoja unapokuwa na inkisari tatu. Tatu kwenye ubeti mmoja ni dalili kwamba mtunzi anashindilia mambo mengi mno kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo mshauri apunguze mzigo, si herufi. Vivyo hivyo lahaja. Mwanafunzi anaandika "mato" badala ya macho, au "ndia" badala ya njia, kwa sababu inasikika kimalenga. Sawa, lakini kama ubeti wa kwanza una "mato" na wa tatu una "macho", msomaji anajua ile ya kwanza imeazimwa kwa ajili ya kina. Lugha ya mtaani ipimwe kwa kipimo hichohicho. Sikubaliani na wanaokataa neno la kijiweni kwenye shairi. Ninachouliza ni kama msemaji wa shairi ndivyo anavyozungumza tangu mwanzo.

Sasa shairi lisilo na vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi vina na mizani ndiyo mipaka hadi leo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na ubishi kuhusu lipi ni shairi na lipi si shairi ukawaka. Kwenye kimbweta ubishi huo hauna faida kwa mtunzi. Liulize shairi: umeahidi nini? Likianza na 8 kwa 8, limeahidi, na lidaiwe. Lisipoahidi, lidaiwe kingine.

Kikubwa cha kulidai shairi huru ni mkato wa mstari. Tazama mfano mwingine wa kutunga:

Konda anagonga bodi
kama mtu anayebisha
kwenye mlango
wa siku.

Baada ya "mlango" tunakatwa. Kwa nukta moja ya muda tunaona mlango wa kweli, wa mbao, kisha "wa siku" inakuja na kuugeuza. Sasa kata kwingine: "kwenye / mlango wa siku". Mlango wa kweli haukupata nafasi ya kuonekana, tumepewa sitiari ikiwa imeshapikwa. Kama unataka kupima mikato ya mwenzako, liandike shairi lake lote kama aya moja ya nathari na ulisome. Pale usipopoteza kitu, mkato haukuwa na kazi.

Kipimo kingine kinafaa kwa mashairi ya aina zote: badilisha nafasi za beti. Weka ubeti wa nne mahali pa wa pili. Shairi lisipobadilika, halina mwendo, ni orodha ya beti nzuri. Mashairi ya mapokeo yanataka kila ubeti ujitosheleze kwa maana, na wanaoanza hulielewa hilo kwamba kila ubeti ujitegemee kabisa. Utoshelevu hauondoi muwala, yaani mfuatano wa mawazo.

Namna ya kusema ina uzito wake, hasa kwetu tuliolelewa tusimkosoe mkubwa. Darasani utamkuta mwalimu wa shule aliyerudi kusoma, ana umri wa kaka yako mkubwa au wa mzazi wako. Heshima haimzuii mtu kusema kweli, inampa mlango wa kuingilia. "Mwalimu, naomba nirudi mshororo wa pili. Nilipousoma kwa sauti nilisimama kwenye 'vyasombeka', nikajiuliza ni nani anayesomba." Hakuna aliyedharauliwa hapo, na kosa limeonekana. Kwa rika lako, "kaka" na "dada" zinatosha, na sema "mshororo huu" na "msemaji wa shairi", usiseme "wewe". Shairi likiwa la mapenzi au la msiba, usimuulize kama ndiye yeye. Kama ni yeye, ana haki ya kunyamaza.

Mwisho wa kikao kila mhakiki aandike nusu ukurasa na kumpa mtunzi mkononi, maana ya mdomo hupotea njiani. Kwa ubeti ule, kikaratasi kingekuwa hivi: "Nimesikia shairi la maji kuingia nyumbani. Linanishika kwenye 'mama godoro ashika, analiweka kichwani', usiliguse hilo. Maswali: nani anasomba vyombo, na ni vyombo gani? Kibwagizo kinatutoa Jangwani kutupeleka duniani, ndivyo unavyotaka? Vina vya mwisho vyote ni -ni ya mahali, ufikirie."

Wiki moja baadaye mtunzi anarudi na ubeti uleule wa mfano wetu alioutunga upya, akiwa ameachana na kibwagizo kabisa:

Usiku umeshafika, maji yapo mlangoni,
Sufuria zatoweka, ndoo zapita gizani,
Mama godoro ashika, analiweka kichwani,
Mdogo wangu acheka, adhani tu safarini.

Godoro limebaki. Vyombo vimepata majina. Maombi yameondoka, na mahali pake kuna mtoto anayecheka, jambo ambalo hakuna mhakiki aliyempa. Lile la -ni ya mahali hakulifuata, na alifanya vema: mlangoni, gizani, kichwani, safarini sasa ni hatua nne za usiku mmoja, kila moja inatutoa pale tulipokuwa. Hoja hiyo ifutwe kwenye kikaratasi cha raundi ya pili, na raundi hiyo ianzie kwenye "zapita gizani": kama ni giza, msemaji ameziona vipi hizo ndoo, au alizisikia zikigonga ukuta?